Uso wa Nyumba Kuukuu: Somo Kutoka Ndia Kuu



Kila tukikutana kwenye semina kuna mtu anayetuvuta kando na kutuuliza jambo hili: nyumba tuliyoachiwa na wazee imechakaa, pesa hatuna, tufanyeje ili walau mbele yake papendeze? Wengi mnatarajia tuwatajie maua ya kupanda. Maua tutayafikia. Lakini kwanza hebu tuwapeleke Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, mahali ambapo sisi wenyewe tulikosea kabla ya kufunzwa.

Ndia ni njia kwa Kimvita, kwa hiyo Ndia Kuu ni njia kubwa. Yaanzia karibu na Fort Jesus, ile ngome Wareno walioanza kuijenga 1593, na kuingia katikati ya mji wa zamani. Ukubwa wake lakini ni wa zamani zile. Gari likipita, mwenye mkokoteni anajibanza ukutani. Wale mliozoea viwanja vya mashambani mtashangaa: mbele ya nyumba hakuna ua, hakuna nyasi, hakuna mti. Ukivuka kizingiti umekanyaga njia. Uso wa nyumba ni ukuta, mlango, baraza ya kukalia, na kwa nyumba za ghorofa ni roshani ya mbao iliyochomoza juu. Basi ni hapo tu pa kupambia.

Tuliitwa na kikundi cha akina mama 14 waliokuwa na mchango wao wa kila mwezi, ule wa kupokezana. Mmoja wao, bibi mjane wa umri wa kutosha kutuita sote wanawe, alikuwa na shida. Nyumba ya marehemu mumewe ilikuwa imeoza usoni. Lipu imebanduka, baraza imemeguka pembe, mlango wa nakshi umepakwa rangi ya kijani juu ya rangi ya buluu juu ya rangi nyingine. Mnunuzi alikuwa amekuja mara mbili. Alisimama njiani, akatazama juu, akataja bei ya kiwanja tu, ati nyumba yenyewe haina thamani, ni ya kubomoa. Wanawe wawili walikuwa tayari kukubali. Wa tatu, binti, alisema hapana. Kikundi kikaamua kwamba zamu ya yule bibi ikifika, pesa zote zitengeneze mbele ya nyumba, ili wale wanaosema haina thamani waitazame tena.

Sasa, kabla hatujaendelea, lazima tukiri jambo.

Kosa letu la saruji

Miaka michache kabla ya hapo tulisaidia nyumba nyingine hatua chache kutoka pale. Tulipata mifuko ya saruji kwa msaada, tukafurahi sana. Tukakwangua lipu ya zamani, tukapiga lipu ya saruji, tukapaka rangi nzuri ya dukani, tukapiga na picha. Masika ya kwanza yakapita salama. Masika ya pili ukuta ukavimba kama andazi. Kisha lipu ikaanza kuanguka vipande vipande, na kila kipande kikashuka na tabaka la jiwe lililoshikamana nacho. Ndani ya nyumba harufu ya uvundo ikazidi, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zikawa laini kama keki. Mzee mwenye nyumba hakutugombeza. Alitupa kipande cha lipu mkononi akasema, "Chukueni, ni chenu." Kile kipande tunacho mpaka leo ofisini, juu ya kabati.

Kwa nini ilitokea hivyo? Nyumba za kale za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, hunywa maji kama mkate. Unyevu hupanda kutoka ardhini, huingia na mvua, huja na upepo wa bahari ukiwa na chumvi. Wazee walijua hawawezi kuuzuia, wakauachia njia ya kutoka: lipu ya chokaa ni laini, ina vinyweleo, ukuta unalowa na kukauka, unalowa na kukauka. Saruji ni ngumu na imefunga. Unyevu ukifika nyuma yake haupiti. Chumvi inaganda mle ndani, inatanuka, inasukuma. Kisichokuwa na nguvu ndicho kinachovunjika, nacho ni lile jiwe la zamani, si saruji. Maji yaliyokosa pa kutokea hutafuta boriti, na mchwa huyafuata.

Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo. Yang'ara mwaka mmoja, halafu yaota malengelenge.

Hatusemi saruji ni mbaya. Nyumba ya matofali ya saruji itengenezwe kwa saruji. Tunasema: mtengeneze nyumba kwa kile ilichojengewa.

"Mwataka kuitia poda?"

Siku ya kwanza kwa yule bibi tulikaa barazani na daftari. Akina mama walikuwa na shauku, huyu anataka maua, yule anataka taa, mwingine anataka rangi ya waridi. Bibi akatusikiliza, akamaliza kahawa yake, akasema: "Wanangu, mwataka kuitia nyumba yangu poda usoni, na tumbo laiuma."

Tukacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Akatuinua akatuonyesha. Mfereji wa mabati pale juu ulikuwa umetoboka, maji yote ya paa yakimwagika mahali pamoja ukutani. Chini, watu wa barabara walikuwa wamemwaga lami juu ya lami mpaka njia ikapanda karibu kulingana na kizingiti, kwa hiyo mvua ikija maji yalisimama kwenye mguu wa ukuta. Na pale juu ya dirisha, kwenye ufa, palikuwa na mkuyu mchanga wenye majani ya kupendeza. Mmoja wetu (hatumtaji) alikuwa amekwisha kusema ule mti uachwe kwa sababu unapendezesha!

Mbegu za mikuyu huletwa na ndege, na Mombasa kunguru hawaishi. Mti ukiota ukutani mizizi yake hufuata chokaa ndani ya ufa na kupasua ukuta kama kabari. Lakini usiung'oe kwa nguvu, maana utashuka na mawe. Kata shina, chimbua kiasi unachoweza, rudi kila mwezi ukate machipukizi mpaka uchoke au ufe wenyewe, kisha ndipo uzibe ufa kwa chokaa. Ule wa bibi ulichipuka mara tano.

Kwa hiyo fedha za kwanza hazikwenda kwenye kitu chochote cha kuonekana. Zilinunua bati la mfereji, zikamlipa fundi siku mbili, zikachimba kijifereji chembamba cha kuondoa maji mguuni mwa ukuta. Mama mmoja alinung'unika kwamba pesa zimeisha na nyumba iko vile vile. Hakuwa na kosa kulalamika, na nanyi kijijini mtakutana naye. Mwonyesheni ukuta baada ya mvua ya kwanza.

Wanaodhani tunatia chumvi wakumbuke Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa la Mji Mkongwe, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu 2 wakafa. Jumba lililojengwa kwa ajili ya sultani! Nyumba kuukuu ikisema inaumwa, isikilizwe mapema.

Ruhusa

Jambo moja la haraka. Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo iko sheria ya 2006 ya Makumbusho ya Taifa na Urithi. Huwezi kubadilisha uso wa nyumba pale kwa hiari yako. Tulikwenda kwanza kwa watu wa uhifadhi wa Mji wa Kale walio chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, tukawaeleza. Ilichukua muda, lakini tulitoka na maarifa kuliko tulivyoingia. Huko vijijini muulizeni walau chifu na majirani kabla ya kugusa mpaka au njia ya maji.

Chokaa

Leo wachache wanachoma chokaa yao wenyewe kwa matanuri. Tulinunua ya mifuko. Tukailoweka ndani ya pipa, maji yakiwa juu yake kidole kimoja, tukaiacha wiki kadhaa. Ikilala sana ndiyo inazidi kuwa laini kama siagi. Mchanga usiwe wa ufuoni, una chumvi. Wetu ulitoka bara, na hata huo tuliuosha. Kipimo ni 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga.

Ukuta huloweshwa kwanza. Lipu hupigwa nyembamba, tabaka baada ya tabaka, na kila moja hufunikwa kwa magunia mabichi siku kadhaa isikauke kwa pupa. Hapa ndipo akina mama walipowashinda mafundi, kwa sababu fundi alitaka amalize aende zake, wao walikuwa wakipita kila adhuhuri kulowesha magunia.

Ya kupaka ni chokaa ile ile iliyochujwa kwa kitambaa na kuzimuliwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ukiipaka mara ya kwanza hutaona kitu, utadhani umeibiwa. Inazidi kuwa nyeupe inapokauka. Paka mara tatu au nne, nyembamba, kila siku mara moja. Ukitaka rangi ya krimu tia udongo wa manjano kidogo, ukipima vizuri, maana pipa la pili halitafanana na la kwanza. Letu halikufanana, upande wa kushoto ni mweupe zaidi mpaka leo.

Angalizo: chokaa inaunguza. Watoto wakae mbali, wapakaji wajifunge kitambaa na wavae miwani hata ya jua. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika nyingi bila kusimama, kisha hospitali.

Mlango na baraza

Mlango ule tuliukwangua wiki mbili kwa vijiti, brashi na subira, bila mashine wala moto, maana nakshi ikipotea haimrudii mtu. Chini ya rangi tatu tukakuta mbao ya msaji na maua yaliyochongwa vizuri kabisa. Ukikauka tukaupaka mafuta ya kitani, yale maseremala huyaita linsidi. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visirundikwe, huweza kushika moto vyenyewe. Vianike wazi au uvitie majini. Baada ya siku tatu tu mtu alikuja kuuliza kama mlango unauzwa. Bibi alimwambia, "Nikiuza mlango, nitafunga nini usiku, uso wako?"

Baraza ilitengenezwa pembe kwa mawe na chokaa. Na hapa tulikosea tena.

Tulikuwa tumekusanya mikebe 30 ya mafuta ya kupikia, tukapanda maua, tukaipanga yote juu ya baraza. Ilipendeza sana! Jioni wazee wakaja na birika la kahawa kama walivyozoea tangu marehemu akiwa hai, wakakuta hakuna pa kukaa. Walisimama kidogo, wakaondoka bila kusema neno. Siku ya tatu bibi alitutumia mtoto: "Mwambieni mwalimu aje aondoe msitu wake." Baraza ni ya kukaliwa. Tukabakisha mikebe minne pembeni, mingine tukaining'iniza kwa waya kwenye roshani na madirisha, na mingine ikapanda kwenye paa. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba uso wa nyumba ya Ndia Kuu ni watu walioketi mbele yake. Jioni ile wazee walirudi. Mmoja akasema maua yananukia, lakini kahawa imekuwa nyepesi.

Sasa maua

Tumefika. Mguuni mwa ukuta wa zamani usipande kitu, mizizi na maji ya kumwagilia vyote ni adui. Panda kwenye vyombo. Mkebe utoboe matundu matano chini kwa msumari. Weka vipande vya makumbi ya nazi chini, hushika maji taratibu, lakini yasiwe yale yaliyozikwa pwani, yana chumvi. Udongo wetu ulikuwa wa shamba sehemu mbili, samadi ya mbuzi iliyooza sehemu moja, na mchanga kidogo. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Maji ya bomba Mji wa Kale huja yanapotaka, na visima vingi vya pale vina chumvichumvi. Akina mama walihifadhi maji ya kuoshea mchele na mboga. Yanatosha, na mimea huyapenda.

Chagua kwa jua. Njia nyembamba ina kivuli kirefu, jua hupita saa chache tu. Asumini na mrehani hutaka jua, kwa hiyo hizo zilikwenda kwenye roshani na paa. Mshubiri huvumilia kiu na chumvi, tukauweka pale ambapo watu husahau kumwagilia. Mimea ya majani mapana ya kivulini ikabaki chini karibu na mlango. Bogenvilia moja tuliipanda kwenye pipa lililokatwa, nayo miiba yake ilimkwaruza kila mpita njia, tukaihamisha. Mkipanda kitu njiani, jaribuni kupita mkiwa mmebeba ndoo kichwani. Hicho ndicho kipimo.

Asumini na mrehani zina faida nyingine. Akina mama wa pwani huzifunga vikuba vya kuvaa kwenye harusi na sherehe, pamoja na kilua na mkadi. Kikundi sasa huuza kidogo kidogo siku za Alhamisi na msimu wa harusi. Si pesa nyingi. Zinanunua samadi na chokaa ya mwaka unaofuata, maana uso wa chokaa hutaka kupakwa upya kila baada ya masika moja au mbili.

Na mbu! Vibao chini ya mikebe vikishika maji ni kitalu cha mbu wale wanaouma mchana. Mombasa ilipatwa na mlipuko wa chikungunya kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018, na wengi bado wanakumbuka maumivu yale ya viungo. Yai la mbu hufikia kuruka kwa siku saba hadi kumi hivi. Kwa hiyo kila Jumamosi vibao vyote humwagwa na kusuguliwa, maana mayai hushika ukingoni. Watoto wa njia ile ndio wenye kazi hiyo, nao hugombania.

Na nyumba ya kijijini?

Ninyi wa nyumba za udongo na fito, somo ni lile lile. Anzeni na maji. Mvua ya paa ikidondoka kwenye ardhi tupu hurusha tope na kula ukuta chini. Wekeni mstari wa mawe au kokoto chini ya ukingo wa makuti. Ukuta wa udongo upigwe lipu ya udongo na kupakwa chokaa, usifungwe kwa saruji. Mwarobaini wa kivuli ni mzuri, ila hatua kumi au zaidi kutoka ukutani. Na muache pahali pa kukaa wageni kabla hamjapanga maua.

Mtauliza nyumba ya bibi iliishaje. Mnunuzi alirudi mara ya tatu, akasimama njiani kama kawaida, akataja bei karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Wanawe wawili sasa wanataka kuuza zaidi kuliko mwanzo! Binti amehamia humo na watoto wake, anapika mahamri asubuhi na kuyauza pale pale barazani. Warithi hawajaelewana mpaka tunapoandika haya. Bibi mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba anangoja asumini ya pili ichanue.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Nendeni pamoja mkasimame mbele ya nyumba moja ya zamani mnayoijua, ikiwezekana wakati wa mvua. Maji yanaingia wapi, yanatokea wapi?

Nyumba hiyo ilijengwa kwa nini, na imetengenezwa kwa nini tangu wakati huo?

Nani hukaa mbele yake jioni? Mmewauliza?

Katika mchango wenu, mko tayari zamu nzima itumike kwa kazi isiyoonekana? Kama kuna anayenung'unika, aseme sasa mbele ya wote, na katibu aandike.

Kama nyumba ina warithi wengi, nani ametoa idhini? Tengenezeni jambo hili kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa chokaa, maana sisi tulilikumbuka tukiwa tumekwisha kupaka.